Umekula Nini Leo, Bibi?

Saa 3 asubuhi foleni ya dirisha la dawa huwa imeshafika kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto. Siku moja aliyekuwa mbele alikuwa bibi mmoja kutoka upande wa Makere, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Mgongoni alimbeba mjukuu wa kilo 12, mkononi alishika cheti cha daktari na jibu la kipimo linaloonyesha malaria. Nyuma ya dirisha alisimama binti aliyemaliza kidato cha sita, aliyeomba kuja kuiona kazi yetu ya famasia ya hospitali kabla hajajaza fomu za chuo. Kwa wiki 2 nilikuwa nimemkataza kugusa kidonge hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kutazama na kusikiliza. Siku hiyo nikampisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Hii ni dawa ya mseto. Utampa kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, kwa siku 3."

"Haya, asante."

Bibi akanyoosha mkono kuchukua pakiti. Alichoambiwa kilikuwa sahihi. Nikasogea karibu, nikamwomba anieleze yeye mwenyewe atampaje mtoto dawa akifika nyumbani. Akajibu bila kusita: atampa mpaka achangamke, vitakavyobaki atamwekea mdogo wake, kwani naye homa haimwachi. Tukalizungumza hilo polepole, mpaka akakubali kwamba vidonge 6 vyote ni vya mtoto huyu mmoja. Kisha nikauliza, "Mjukuu amekula nini leo?"

"Uji."

"Umeutia maziwa, au karanga?"

"Maji na unga tu, mwanangu."

Foleni ilipopungua, binti aliniambia kwamba swali la chakula alidhani ni la kujuliana hali. Kumbe katika yote niliyouliza asubuhi ile, hilo ndilo lililobeba utaalamu mwingi zaidi.

Dawa ya mseto ina viungo 2. Atemetha huwavamia vimelea kwa kasi, lakini baada ya saa chache inakuwa imekwisha mwilini. Lumefantrini huenda taratibu, hubaki kwenye damu siku kadhaa na kuwamaliza vimelea waliosalia. Hii ya pili haielewani na maji. Rafiki yake ni mafuta. Mgonjwa akiimeza tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita na kwenda chooni bila kufanya kazi. Akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara 16. Wala haihitajiki karamu, maana mafuta kidogo tu yanatosha kuivusha. Na Kigoma ni nchi ya mawese! Kijiko cha mawese kwenye maharage, kikombe cha maziwa au uji wa karanga hukamilisha tiba iliyoletwa kwa lori kutoka mbali.

Liko pia suala la saa. Dozi ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, ndipo zinazofuata ziende asubuhi na jioni. Mtoto aliyemeza saa 3 asubuhi atameza tena saa 11 jioni. Ukimwambia bibi neno "jioni" peke yake, huenda akasubiri mpaka kiza kiingie, na ukimwambia "baada ya saa 8" anaweza kusikia "saa 8 mchana". Kwa hiyo tunamtajia alama anayoijua: mbuzi wakirudi zizini, mpe.

Mazungumzo haya yana uzito wa pekee kwetu. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, mkoa wa Kigoma ndio ulioongoza nchini, ambapo karibu mtoto 1 kati ya 4 waliopimwa, wenye umri chini ya miaka 5, alikutwa na vimelea. Nyanda hizi za juu za Kasulu na Kibondo zina ubaridi, na mgeni hudhani mbu hawafiki. Wanafika.

Ndiyo maana nasema famasia ya hospitali hujifunzwa kwanza kwa jicho na sikio, ukiwa umesimama ubavuni mwa aliyekutangulia. Kitabu kitakufundisha lumefantrini. Hakitakufundisha kwamba mgonjwa anayesema "haya, asante" haraka haraka mara nyingi hajaelewa, au kwamba mzee wa Kiha ukimwamkia "mwakeye" kabla ya kumpa maelekezo, atakuuliza lile alilokuwa anaona haya kumuuliza daktari.

Dirishani mwanafunzi hujifunza pia majina ya dawa, na hapa Kasulu na Kibondo zina somo ambalo miji mikubwa haina. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Kuanzia mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Mgonjwa aliyevuka mpaka anaweza kuja na boksi lenye maandishi ya Kifaransa na jina la kibiashara ambalo hujawahi kuliona. Anayekariri majina ya kibiashara hukwama hapo. Anayejua jina halisi la dawa hugeuza boksi, husoma maandishi madogo, na kukuta ni parasetamoli ileile anayoitoa kila siku. Majina hayo halisi yanasimamiwa na Shirika la Afya Duniani, na orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1953. Mwanafunzi huyaona ni mzigo wa mtihani mpaka siku atakapokuta mgonjwa anakunywa parasetamoli mara mbili kutoka maboksi 2 yenye majina tofauti, huku ini lake likilipa gharama.

Wodini kuna somo jingine. Mtoto mwenye malaria kali, asiyeweza kumeza, huchomwa sindano ya atesunati. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Kwanza unatiwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, unatikiswa mpaka uwe maji maangavu. Ukibaki na ukungu, unamwagwa. Kwa sindano ya mshipa huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na hapo kila mililita 1 inabeba miligramu 10. Hesabu ya dozi huanzia kwenye uzito. Mwenye kilo 20 na kuendelea hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo, na mwenye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3. Karibu kila mwanafunzi hushtuka hapa. Iweje mdogo apewe zaidi kwa kila kilo? Ni kwa sababu miili ya watoto wadogo huiondoa dawa hii kwa haraka, hivyo kipimo cha mkubwa kikishushwa tu kwa uzito huwaachia dawa pungufu kwenye damu. Kwa mtoto wa kilo 12, miligramu 36 ni mililita 3.6. Binti yule alipiga hesabu kwa kanuni ya wakubwa akapata chini ya 3. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake, kwa hiyo hakuna aliyedhurika, na ndiyo faida ya kujifunza kwa kutazama: unakosea kwenye karatasi, mlezi anakusahihisha, mtoto anapata dozi yake kamili. Kichupa kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 1. Na mtoto akishaweza kumeza, baada ya angalau saa 24 za sindano, anamaliziwa dozi nzima ya mseto, ambapo tunarudi kwenye uji na mawese.

Stoo wengi huiona ni sehemu ya kuchosha. Mimi naipenda. Kila dawa ina kadi yake: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, tarehe na sahihi. Inayotangulia kuisha muda ndiyo inayotangulia kutoka, kwa hiyo mzigo mpya wa Bohari ya Dawa ukifika unapangwa nyuma ya wa zamani, hata kama ni saa 12 jioni na migongo inauma. Kwenye jokofu kuna oksitosini, sindano inayozuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, na inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Huku juu watu husema, "Hapa baridi ya kutosha, dawa haiharibiki." Baridi ya usiku wa Kibondo haitoshi, na mchana paa la bati hupika chumba. Oksitosini iliyopoteza nguvu haibadiliki rangi wala harufu, na mkunga atakayeichoma hataona tofauti mpaka damu ikatae kusimama. Kipimajoto husomwa asubuhi na jioni kwa ajili ya mama huyo, na mwanafunzi aliyelielewa hilo hataandika nyuzi za kubuni kwenye chati.

Nyanda hizi zina historia ndefu na dawa ngumu. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha, na kuwakusanya kwenye makazi mapya, Kibondo ikiwemo, ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Kwa miongo mingi tiba ya malale iliyofika kwenye ubongo ilikuwa melasoproli, sindano yenye aseniki, iliyoweza kumuua mgonjwa ambaye ilikusudiwa kumwokoa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotanguliza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu ya Afrika Mashariki, kwa wagonjwa wengi wa kuanzia miaka 6 na kilo 20. Vinamezwa siku 10, na sharti lake mojawapo ni kumezwa pamoja na chakula. Nilipomsimulia binti haya, aliuliza mwenyewe: kwa hiyo na huyo wa malale tutamuuliza amekula nini? Nikajua ameanza kuwa mfamasia.

Jambo moja nilimwambia siku ya kwanza, kabla hajavaa koti jeupe. Kasulu ni mji mdogo. Utamwona mwalimu wako akichukua dawa za kufubaza virusi, utamwona jirani akichukua za kifua kikuu, na mama yako mdogo akichukua za akili. Huruhusiwi kulitaja jina la mgonjwa, wala kulidokeza nyumbani mezani, wala kumwambia mwenyewe mkikutana sokoni kwamba ulimwona. Siri ikivuja mara moja, mgonjwa haachi kukuamini wewe tu, anaacha dawa. Mwanafunzi asiyeweza kulibeba hilo, kazi hii aiache mapema. Vivyo hivyo kabati la mofini na pethidini: lina kufuli 2 na daftari lake, naye atalitazama kwa mbali tu.

Anayetaka kuifuata njia hii kuna milango 2. Aliyemaliza kidato cha nne akafaulu kemia na baiolojia anaweza kusoma stashahada ya sayansi ya famasia kwa miaka 3, akawa mteknolojia dawa. Aliyemaliza kidato cha sita na mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia anaweza kusoma shahada kwa miaka 4, Muhimbili, Bugando au kwingineko, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini, na usajili wa Baraza la Famasi. Wote watakutana dirishani.

Kuna jambo linaloniuma, nalo ni lazima niliseme kwa wenzangu. Katika hospitali nilizopitia nimeona wanafunzi wakiletwa wajifunze, wakaishia kuhesabu vidonge na kujaza bahasha kuanzia asubuhi hadi jioni kwa sababu watumishi ni wachache. Wanaandika "1×3" kwa mamia, na hakuna anayewaeleza kwamba mgonjwa asomapo alama hiyo anaweza kuelewa vidonge 3 kwa mpigo. Uchache wa watumishi ni kweli, nauishi. Lakini mwanafunzi aliyejengwa hivyo atakuja kuwa mfamasia anayenyoosha mkono dirishani bila kuinua macho, na bibi wa Makere ataondoka na pakiti yake na mpango wake wa kugawa vidonge.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu mwenye kijana anayeipenda kemia na asiyechoka kusikiliza watu, msaidie aandike barua, ipitie kwa mkuu wa shule, ifike kwa mganga mfawidhi wa hospitali iliyo karibu, kabla ya likizo kuanza. Aombe wiki 2 za kutazama, basi. Na mfamasia mwenzangu utakayeipokea barua hiyo, usianze kwa kumpa trei ya kuhesabia vidonge. Mpe kiti karibu na dirisha, mahali atakapomsikia mgonjwa.