Kutoka jeshini si kumaliza jeshi

Mwaka 2016 mama mdogo alipika pilau ya watu sitini. Mwanawe (Wazungu watamwita binamu yangu, kwetu sisi ni kaka tu) alikuwa ametoka Jeshi la Nchi Kavu la Marekani baada ya karibu miaka 7. Karudi mzima, viungo vyote, alhamdulillahi. Wazee wakasoma dua, mashangazi wakapiga vigelegele, na kila simu iliyoingia kutoka Mombasa siku ile ilipata jibu moja: "Amemaliza jeshi."

Miaka miwili baadaye ikaja bahasha. Jeshi linamtaka aripoti siku fulani, mahali fulani. Mama mdogo akanipigia simu niko kazini, sauti inamtetemeka: "Wanamrudisha vitani?"

Hawakumrudisha. Ulikuwa ukaguzi wa siku moja tu: anwani yako ni ipi, afya ikoje, una kazi gani sasa. Lakini bahasha ile ilitukalisha mezani, mimi na yeye, na faili lake lote mbele yetu, tukasoma kwa mara ya kwanza alichokuwa ametia sahihi. Kwenye kipindi cha wiki hii ameeleza mwenyewe, bila jina. Hapa naandika masharti na mahesabu, kwa sababu mahesabu hayasikiki vizuri ukiwa unaendesha gari.

Kwa nini alitolewa

Kaka alikuja kwa viza ya mwanafunzi. Karo ikamshinda. Mwaka 2009 Marekani ilianzisha mpango wa MAVNI, uliowaruhusu wageni wenye viza halali lakini wasio na green card kujiunga na jeshi, ikiwa wana taaluma ya udaktari au uuguzi au wanazungumza lugha inayohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo. Yaani lugha ambayo sisi tuliozaliwa huku tunachekwa tukiikosea ndiyo iliyompa uraia ndani ya miezi michache.

Aliingia jeshi likiwa kubwa. Mwaka 2010 na 2011 Jeshi la Nchi Kavu lilikuwa na wanajeshi wa kudumu kama 570,000. Vita vya Iraq vikaisha, bajeti ikabanwa, na mwaka 2012 ukatangazwa mpango wa kushuka hadi 490,000. Mwaka 2015 wakasema watafika 450,000. Bunge lilikuja kusimamisha makato hayo mwishoni mwa 2016, lakini kwa wengi ilikuwa too late, wameshapanga mizigo.

Kupunguza jeshi hakufanyiki kwa kumfukuza mtu getini. Wanaandikishwa wachache, wengine wanastaafishwa mapema, na mkataba wako ukiisha unaambiwa nafasi ya kuongeza hakuna. Maafisa walipitiwa na bodi: mwaka 2014 zaidi ya makapteni 1,000 waliambiwa watoke, wengine habari iliwafikia wakiwa Afghanistan. Kaka, fundi wa magari mwenye cheo cha sajini, yeye alikosa nafasi ya kuongeza mkataba.

Sasa fikiria upande wa jeshi. Limetumia pesa na miaka kumfundisha fundi. Halitaki kumlipa mshahara kila mwezi, lakini halitaki pia kumpoteza moja kwa moja. Hapo ndipo jeshi la akiba linapoingia.

Miaka 8 ambayo hatukuihesabu

Kwa kawaida anayejiandikisha Marekani kwa mara ya kwanza anajifunga kwa miaka 8. Mkataba wa miaka 4 unaouona ni sehemu ya kazi ya kila siku tu. Iliyobaki unaidaiwa ukiwa akiba, na akiba yenyewe ina milango miwili.

Wa kwanza ni kikosi cha akiba, au walinzi wa taifa walio chini ya jimbo. Hapo una mazoezi wikendi moja kwa mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka. Unalipwa, unapandishwa cheo, na unaweza kununua bima ya afya ya jeshi kwa bei ndogo, wewe na familia.

Wa pili ni IRR, yaani orodha ya majina. Huna mazoezi, huna mshahara, huna ile bima. Jina lako na anwani yako tu vinakaa pale, na siku wakikuhitaji wanakuita. Si hadithi: mwaka 2004, vita vya Iraq vilipobana, jeshi lilitangaza kuwaita zaidi ya watu 5,000 kutoka kwenye orodha hiyo, na wengi walikuwa na kazi na watoto, wakidhani yao yamekwisha.

Kaka alichagua orodha. "Nilikuwa nimechoka," aliniambia. "Nilitaka nilale Jumamosi." Nani atamlaumu? Lakini uchaguzi ule aliufanya katika wiki zake za mwisho, katikati ya kurudisha vifaa, kutafuta nyumba na kujaza fomu. Hakuna aliyekaa naye akamwonyesha hesabu.

Hesabu ya kwanza: cheki

Kwa kuwa alikuwa na zaidi ya miaka 6 ya utumishi na hakutoka kwa hiari yake, alistahili malipo ya kuachishwa. Kanuni yake ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka, mara miaka uliyotumikia. Wengine hupewa nusu yake. Tuseme mshahara wa msingi ni dola 2,700 kwa mwezi na una miaka 7: mwaka mzima ni 32,400, asilimia 10 ni 3,240, mara 7 unapata 22,680 kabla ya kodi.

Pesa nzuri. Kwetu ilijenga msingi wa nyumba Mombasa na kulipa deni la gari. Ila cheki ile ilikuwa na masharti mawili.

La kwanza: ukiipokea unakubali kwa maandishi kuwa akiba kwa miaka 3 mingine, na kama ile miaka 8 haijaisha, mitatu inaanza baada ya hapo. Kaka aliingia 2009, akajua 2017 yuko huru. Kumbe alikuwa amefungwa mpaka 2020. Ndiyo maana bahasha ikaja 2018.

La pili: ile pesa si zawadi. Ukija kupata pensheni ya jeshi baadaye, au fidia ya ulemavu uliotokana na utumishi, wanaikata kwanza mpaka irudi. Kaka aliomba fidia ya magoti na masikio. Akakubaliwa, barua ikafika, na miezi ikapita benki haioni kitu, kwa sababu alikuwa anailipa cheki iliyokwisha kuwa saruji na kokoto.

Hesabu ya pili: pensheni

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Jeshini ukitoka kabla ya miaka 20, kwa kawaida hupati pensheni. Miaka 7 peke yake ni sifuri. Lakini miaka hiyo haifutiki: ukiendelea kwenye kikosi cha akiba inaunganishwa na ile ya mbele.

Inahesabiwa kwa pointi. Siku moja ya utumishi wa kudumu ni pointi 1, kwa hiyo miaka 7 ni karibu 2,555. Ukiwa kikosini, wikendi moja ni pointi 4, mwaka 48. Mafunzo ya kila mwaka kama 15, na 15 nyingine kwa kuwa mwanachama tu. Jumla 78 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 13 iliyobaki unapata 1,014. Jumlisha zote, 3,569. Gawanya kwa 360, inakuwa sawa na miaka 9.9. Kwa walioingia kabla ya 2018 na hawakuhamia mfumo mpya, kila mwaka ni asilimia 2.5, kwa hiyo ni karibu robo ya mshahara wa msingi, kila mwezi, kuanzia umri wa miaka 60 mpaka kufa.

Lakini mwaka hauhesabiwi bila pointi 50. Aliyekaa kwenye orodha bila kufanya chochote anapata zile 15 za uanachama tu. Miaka miwili ya kaka kwenye orodha haikumsogeza hata hatua moja.

Tusidanganyane

Baada ya bahasha ile kaka alijiunga na kikosi cha akiba. Bima ilimfaa mke wake alipojifungua. Mwajiri wake hawezi kumfukuza kwa sababu ya wikendi hizo, maana kuna sheria ya 1994 inayomlinda. Lakini alikosa nikaha ya dada yake kwa ajili ya mazoezi, na mama mdogo hajamsamehe mtu yeyote kwa hilo. Na kikosi cha akiba kinaweza kuitwa vitani, kama vilivyoitwa vingi Iraq na Afghanistan. Mtu akiyajua hayo yote kisha akasema hapana, ana haki yake.

Kwa waliopata uraia kupitia jeshi, kuna zaidi. Uraia huo unaweza kufutwa ukiachishwa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi mwema. Kwa hiyo barua ya akiba usiitupe kwenye droo.

Wasikilizaji wa Uingereza, na nyinyi mmeyapitia. Mpango wa mwaka 2012 ulishusha askari wa kudumu kutoka 102,000 hivi hadi 82,000, huku akiba ikitakiwa kufika 30,000, na askari wa zamani aliyerudi akiba aliahidiwa hadi pauni 10,000. Kwa Mkenya aliyetumikia huko, jambo la kwanza ni karatasi ya ukaazi, maana ukitoka jeshini msamaha wa uhamiaji unaisha. Tangu Aprili 2022 aliyetumikia miaka 6 au zaidi halipi ada ya kuomba ukaazi.

Basi, kama una ndugu anayetoka jeshini, kabla hujaweka pilau jikoni muulize maswali manne. Miaka yako 8 inaisha lini? Cheki umeitilia sahihi gani? Una pointi ngapi mpaka leo? Jina lako linaingia kikosini au kwenye orodha? Akishindwa kujibu hata moja, kaeni mlisome faili pamoja. Wazazi wetu waliziachia fomu za Kizungu mikononi mwetu tangu tuna miaka tisa. Hii ni fomu moja zaidi.

Na kama una kisa chako, tutumie sauti WhatsApp kama kawaida. Jina tunaliacha nje.