"Mambo?": Simu ya mkononi na mgonjwa wa maradhi sugu

Maradhi sugu kama kisukari, shinikizo la damu au maambukizi ya VVU hayatibiwi yakaisha. Mtu huishi nayo. Mgonjwa huonana na daktari mara moja kwa mwezi, pengine kwa miezi mitatu, na siku zinazobaki ni yeye na vidonge vyake. Hapo ndipo dozi husahaulika, kichefuchefu humshinda mtu akaacha dawa, au nauli ya kliniki hukosekana.

Namna simu inavyoweza kusaidia ilionekana wazi nchini Kenya. Kuanzia mwaka 2007, mradi wa WelTel uliwafuatilia wagonjwa 538 waliokuwa wakianza kutumia ARV, dawa za kufubaza VVU, katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, la pili, pamoja na huduma hiyo, lilitumiwa kila wiki ujumbe mfupi: "Mambo?" Mgonjwa alipewa saa 48 kujibu "sawa" au "shida". Aliyeandika "shida" alipigiwa simu na mhudumu wa afya, na aliyenyamaza vilevile.

Ujumbe haukutaja dawa wala virusi, na hilo halikuwa jambo dogo. Katika nyumba nyingi simu hupita mikononi mwa watu kadhaa. Shemeji angeusoma asishtuke. Wala haikuhitajika simu ya bei kubwa: hata mulika mwizi ilitosha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Vipimo vya damu navyo vilionyesha virusi vimefubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, dhidi ya asilimia 48 ya wenzao.

Utafiti mwingine, huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, uligundua kwamba ujumbe wa kila wiki uliwasaidia wagonjwa kumeza dawa, lakini wa kila siku haukusaidia. Kinachokuja kila siku huzoeleka, hata kikapuuzwa.

Kwa kisukari, Senegal ilianza mwaka 2014 kuwatumia wagonjwa ushauri kwa simu wakati wa Ramadhani, kipindi ambacho mfungo hubadilisha saa za kula na za dawa. Anayepima sukari nyumbani na kuhifadhi vipimo kwenye simu hupata faida nyingine: huona mwenyewe sahani ya wali imempandisha kiasi gani, akaingia kwa daktari akiwa na maswali yake.

Njia hii ina kasoro zake: namba hubadilishwa, salio huisha, na siri huweza kuvuja kliniki ikikosa umakini. Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni mgonjwa kuandika "shida" asipate wa kumjibu. Kliniki inayotaka kuanzisha huduma hii imtafute kwanza mhudumu wa kupiga simu hizo, programu ya kutuma ujumbe ifuate baadaye.