Uwanja wa Akii-Bua na Siri ya Hatua 14

Mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, kuna uwanja wa michezo unaobeba jina la John Akii-Bua, mzaliwa wa eneo la Lango. Wengi wakiusikia huwaza mpira wa miguu tu, na huko ni kumpunja mwenye jina. Akii-Bua alikuwa askari polisi aliyekimbia mita 400 za kuruka viunzi. Tarehe 2 Septemba 1972, kwenye Olimpiki ya Munich, alimaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48, na hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

La ajabu zaidi ni njia aliyopangiwa: ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo wakimbiaji hawaipendi. Kona yake ndiyo kali kuliko zote. Kwa vipimo vya kawaida vya leo nusu kipenyo chake ni mita 36.5, ilhali cha njia ya nane ni kama mita 45. Kadiri kona inavyobana, ndivyo mwili unavyovutwa nje na miguu inavyotumia nguvu kuurudisha.

Halafu kuna viunzi kumi, kila kimoja kina kimo cha sentimita 91.4, vikiachana kwa mita 35. Hapo mkimbiaji huhesabu hatua. Akipiga 13, atakifikia kiunzi kinachofuata kwa mguu uleule wa kutanguliza. Akichoka hatua hufupika, na 13 hazifiki. Aliyezoea mguu mmoja hulazimika kupiga 15, na mwendo wake hukatika ghafla. Akii-Bua aliweza kutanguliza mguu wowote, kwa hiyo 14 hazikumsumbua. Uwezo huo hauji wenyewe. Unatafutwa kwa mazoezi ya miaka, na mazoezi yanataka njia iliyopimwa na kusawazishwa.

Ndipo viongozi wetu wanapokosea. Pesa zikipatikana, wanafikiria jukwaa la wageni wa heshima, paa na lango, huku njia ya mbio ikiachwa mwisho. Ahadi ya kuujenga upya uwanja wa Lira imerudiwa kwa miaka mingi; maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika (CAN) 2027, itakayochezwa Uganda, Kenya na Tanzania, yameufufua mjadala huo. Eldoret, Kenya, nako, uwanja wa Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 1968, ulikaa miaka katika ukarabati usiokwisha. Majina haya yanastahili heshima zaidi.



Na kwetu Kongo (DRC)? Hatujapata medali ya Olimpiki hata moja. Lakini mji wa Baraka, Kivu Kusini, upo kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi, na milima ya Fizi iko nyuma yake: kijana anaweza kufanya mazoezi ya tambarare na ya mlima ndani ya teritwari moja. Kuanza hakuhitaji viti elfu 20. Kunahitaji udongo mwekundu ulioshindiliwa, kamba ya kupimia, chokaa, na viunzi vya mbao ambavyo seremala yeyote wa mjini anaweza kuviunda. Meya wa Baraka, msimamizi wa teritwari ya Fizi na wakuu wa shule wakubaliane kiwanja kimoja, wachore humo njia sita za mita 400, kabla hawajaagiza mchoro wa jukwaa lolote.