Uzio Uliohama Lafayette Square

Bustani ya Lafayette Square, mbele ya Ikulu ya Marekani jijini Washington, zamani ilikuwa na uzio wa chuma pande zote. Uzio huo sasa uko Gettysburg, Pennsylvania, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na unatenganisha makaburi.

Katika miaka ya 1850 bustani hiyo ya ekari 7 hivi ilipangwa upya kwa michoro ya Andrew Jackson Downing. Uzio wa chuma ulipendeza, lakini ulikuwa na kazi yake pia: mifugo ilizurura mitaani, na mche usio na kizuizi haukufika mbali.

Jumapili ya tarehe 27 Februari 1859, mbunge wa New York, Daniel Sickles, aliyekuwa akiishi jirani na bustani, alimwona Philip Barton Key, mwendesha mashtaka wa serikali jijini humo, akipunga kitambaa cheupe kuelekea nyumba ya Sickles. Ndivyo Key alivyokuwa akimwita mke wa Sickles. Sickles akachukua silaha, akamfuata hadi pembe ya kusini mashariki ya bustani, akampiga risasi mchana kweupe. Key akafa. Mawakili walidai mteja wao alirukwa na akili kwa muda, utetezi uliofaulu Marekani kwa mara ya kwanza, na Sickles akaachiwa huru.

Tarehe 2 Julai 1863, akiwa jenerali, alipoteza mguu wa kulia vitani Gettysburg. Tangu hapo uwanja ule wa vita ukawa shughuli ya maisha yake. Uzio wa bustani ulipong'olewa mwaka 1889, ni yeye aliyefanya mpango ukapelekwa Gettysburg, ukasimamishwa East Cemetery Hill. Baadaye ukahamishiwa mpakani mwa makaburi ya taifa ya wanajeshi na yale ya Evergreen.

Uzio wa aina hii huundwa kwa vipande vinavyofungwa pamoja, kwa hiyo hufunguliwa na kusimamishwa kwingine. Urahisi huo ndio unaouokoa, na ndio unaoupotezea historia, maana chuma kikishahama hakisemi kilikotoka. Huu wa Lafayette Square tunaujua kwa sababu habari zake ziliandikwa.

Ndugu msomaji, kama mjini kwenu bustani ya zamani inataka kubadilishiwa uzio, wahimize wahusika waupige picha, waupime na waandike ulipokuwa, kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajafika.