Asili ya Desturi za Krismasi

Hakuna mahali katika Injili palipotajwa siku wala mwezi aliozaliwa Bwana Yesu. Luka asimulia habari za wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku, wala hasemi kama ulikuwa wakati wa baridi au wa joto. Katika karne mbili za kwanza haionekani kwamba Wakristo waliifanyia siku hiyo sikukuu. Yao kuu ilikuwa Pasaka.

Tarehe 25 Desemba yaonekana katika kalenda iliyoandikwa mjini Roma mwaka 354. Ajabu ni kwamba kitabu hichohicho chaitaja tarehe hiyo mara mbili: mahali pamoja kuwa ni siku aliyozaliwa Kristo huko Bethlehemu ya Uyahudi, na mahali pengine kuwa ni siku ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, ambaye wataalamu wengi humtambua kuwa ni mungu-jua wa Warumi. Kaizari Aurelian alikuwa amemjengea mungu huyo hekalu mjini Roma mwaka 274.

Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huenda asitambue upesi kwa nini watu walishangilia jua katika Desemba. Lakini mjini London mchana wa siku hizo haufiki saa nane kamili. Mashamba yamelala, ng'ombe wamefungwa zizini, na miti mingi haina hata jani. Ikiisha kupita ile siku iliyo fupi kuliko zote, jua huanza kurudi kidogo kidogo. Na katika kalenda ya Julius Caesar siku hiyo ilihesabiwa kuwa ni tarehe 25 Desemba. Mkulima aliyepata kungoja mvua iliyochelewa ataielewa furaha ile.

Warumi walikuwa pia na sikukuu ya Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba kwa heshima ya Saturn, mungu wa kilimo. Mahakama yalifungwa, watu wakapeana mishumaa na vinyago vidogo vya udongo, na bwana akala pamoja na watumwa wake, au hata akawaandalia chakula kwa mikono yake mwenyewe. Ulikuwa uhuru wa siku chache tu: sikukuu ikiisha, mtumwa alikuwa mtumwa.

Je, Kanisa liliazima siku hiyo kwa wapagani? Wataalamu hawapatani. Wengine wasema ilichaguliwa makusudi ili waliozoea kulishangilia jua wapate la kushangilia kanisani. Wengine wasema ilipatikana kwa hesabu, kwa kuwa ilisadikiwa kwamba Mariamu alichukua mimba tarehe 25 Machi, na miezi tisa kutoka hapo ni 25 Desemba. Lililo wazi ni kwamba jua halikusahauliwa upesi. Katikati ya karne ya tano Papa Leo aliwakemea Wakristo ambao, walipofika juu ya ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, waligeuka nyuma wakaliinamia jua linapochomoza.

Papa Gregory alishika njia nyingine. Mwaka 597 watu wake, wakiongozwa na Augustine, walifika Kent katika Uingereza, na mwaka 601 alimwandikia Mellitus, aliyekuwa njiani kuwafuata. Aliagiza kwamba sanamu zivunjwe, lakini mahekalu yaliyojengwa imara yasibomolewe. Yanyunyizwe maji ya baraka na kuwekwa madhabahu. Na kwa kuwa watu wale walizoea kuwachinjia pepo ng'ombe wengi, wasinyang'anywe karamu yao, bali wachinje na kula kwa kumshukuru Mungu. Mwenye kupanda mahali pa juu, aliandika, hupanda hatua kwa hatua, si kwa kuruka. Wako wamisionari wa zama za baadaye ambao ni kama hawakupata kuusoma waraka huo.

Huko Norway, katika karne ya kumi, Mfalme Haakon, aliyebatizwa Uingereza, aliwakuta watu wake wakiadhimisha sikukuu yao ya katikati ya baridi iitwayo Yule. Masimulizi ya kale yasema aliihamisha ikaangukia Krismasi, na akaamuru kila mtu apike pombe ya kipimo kilichowekwa, au alipe faini, na sikukuu iendelee maadamu pombe ipo. Ni nadra sheria ya serikali kutiiwa kwa moyo mkunjufu namna ile.

Mti wa Krismasi, ambao watu wengi huudhani kuwa mabaki ya ibada ya kale, umri wake si mkubwa hivyo. Habari zake katika nyumba za Strasbourg ni za mwaka 1605.

Walioukumbuka upagani wa siku hii kwa hasira ni Wapuritani. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Krismasi. Huko Canterbury, mji uleule alikokaa Augustine, meya aliwaamuru wenye maduka wafungue siku hiyo. Watu walitundika matawi mabichi milangoni, wakazitupa nje bidhaa za waliotii amri, na meya mwenyewe akaangushwa chini. Marufuku hiyo iliondoka mwaka 1660, mfalme aliporudi.