Kula mu resto ya Wahindi: nini iko mu sahani, na namna ya kuepuka fakitire ya kushangaza

Mfanyabiashara anayetoka Butembo na kuvuka Kasindi kwenda kununua bidhaa Kampala, mara nyingi anamalizia siku yake mu duka ya Muhindi. Wakisha kupatana bei, mwenye duka anaweza kumualika kula. Hapo ndipo woga unaanza. Menyu iko na majina mengi yasiyojulikana, hakuna bugali, hakuna nyama ya ngombe, na mgeni anaona haya kuuliza. Wengi wanachagua kuku na viazi vya kukaanga, basi. Wengine wanakomande ovyo, kisha fakitire inawashitua. Ni vile vile kwa wale wanaotoka Goma kwenda Kigali, ao Uvira kwenda Bujumbura.

Kumbe sehemu kubwa ya chakula hicho si kigeni.

Chapati ilifika namna gani

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki. Wafanyabiashara Wahindi nao walifuata njia za biashara, wakafungua maduka Uganda na hata mu miji ya mashariki ya Kongo.

Mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji, jambo watu waliloita zaïrianisation. Wenye maduka wengi waliondoka, lakini chakula kilibaki. Leo mama anayeuza chapati na sambusa kando ya barabara Goma ao Bukavu anauza chakula chenye mizizi India, hata kama yeye mwenyewe hafikirie hivyo. Pilau ya arusi na chai ya maziwa yenye tangawizi viko mu mstari huo huo.

Iko tofauti moja: chapati ya kwetu, yenye mafuta na kukunjwa-kunjwa, inafanana zaidi na ile Wahindi wanaita paratha. Mtu akikomande chapati mu resto yao, anaweza kuletewa mkate mwembamba, mkavu, uliochomwa bila mafuta. Hawakumdanganya.

Kusoma menyu

Naan ni mkate wa unga wa ngano unaobandikwa ku ukuta wa ndani wa tandoor, yaani tanuru ya udongo yenye makala ya moto chini. Kuku akiitwa tandoori, maana yake alilazwa mu maziwa ya kuganda na viungo, kisha akachomwa mu tanuru hiyo. Huyo hana mchuzi. Anayetaka mchuzi akomande sahani ingine.

Dal ni mchuzi mzito wa punje ndogo za jamii ya maharagi na mbaazi. Mara nyingi bei yake iko chini kuliko ya nyama, na inashibisha. Paneer ni fromage laini, isiyokomaa kama ile ya Masisi, na haiyeyuke ku moto. Ikiwekwa mu majani mabichi yaliyosagwa inaitwa palak paneer; anayezoea lengalenga hatapotea. Biriani ni mchele uliopikwa pamoja na nyama na viungo, na sahani moja inaweza kutosha bila kuongeza kitu.

Kuhusu pilipili, heri kusema mbele ya kupikiwa. Korma na butter chicken ni michuzi mipole. Vindaloo ni kali sana. Mdomo ukiwaka, maji hayasaidie sana. Maziwa ya kuganda ndiyo yanatuliza, na ndiyo sababu wanaleta raita ao lassi. Mtu ambaye mwili wake unakataa karanga ao korosho aulize vizuri, kwa sababu korma mara nyingi inatiwa korosho iliyosagwa, na haionekane kwa macho.

Ku meza ya mwenyeji

Hapa ndipo biashara inaweza kuharibika bila mtu kujua. Wahindi si wa dini moja. Wahindu wengi hawakule ngombe, na wengine hawagusi nyama yoyote, samaki wala mayai. Waislamu wanataka nyama ya halali na hawakule nguruwe. Mgeni anayeulizia nyama ya ngombe kwa sauti kubwa, hata kwa kuchekesha, anaweza kumuumiza anayemlipia chakula.

Njia rahisi ni kuuliza mwenyeji: “Ndugu, weye unakula nini?” Kama yeye hakule nyama, kijiko kilichoingia mu sahani ya kuku kisiingie mu sahani yake. Chakula kinawekwa katikati na kila mtu anachota. Kwa kula na mkono, ni mkono wa kuume, na mkate ndio unashika mchuzi, sawa vile bugali inafanya kwa sombe. Bia nayo, aulize kwanza, maana resto zingine haziuzi pombe.

Kisha kula, wanaweza kuleta bakuli ndogo ya maji ya vuguvugu na kipande cha ndimu. Ni ya kunawa vidole, si ya kunywa. Mbegu tamu wanazoleta ku mwisho ni za kutafuna, kwa kusafisha mdomo.

Fakitire

Bei iliyoandikwa mbele ya mchuzi, mara nyingi ni ya mchuzi peke yake. Mchele unahesabiwa mbali, na kila naan mbali. Watu wane wanaweza kukomande michuzi mitatu, sahani mbili za mchele na mikate michache, wagawane. Kila mmoja akichukua mchuzi wake, mchele wake na mkate wake, gharama inapanda na chakula kinabaki ku meza. Kinachobaki kinaweza kufungwa kwa kupeleka. Kukiomba si haya.

Jambo la mwisho ni kodi. Uganda na Rwanda, kodi ya TVA ni 18 kwa mia. Kongo ni 16 kwa mia. Resto zingine zinaiweka tayari mu bei, zingine zinaiongeza chini ya fakitire, na wakati mwingine pamoja na feza ya huduma. Swali moja mbele ya kukomande, “Bei hii iko na kodi ndani?”, linaweza kuokoa feza ya tikiti ya kurudi nyumbani.