Kununua Manga za Watu Wazima Tokyo: Uliza Kwanza Jarida

Ukiingia duka kubwa la vitabu mjini Tokyo ukaanza kutafuta manga kwa jina la mwandishi, utachoka bure. Rafu za manga nchini Japani hupangwa kwa kampuni iliyochapisha kitabu, na ndani ya kampuni hufuata jarida ambamo hadithi ilianza kutokea. Msafiri asiyejua utaratibu huo huzunguka ghorofa nzima akitafuta kitabu kilichopo hatua chache nyuma yake. Anayeujua humtajia muuzaji jina la jarida, au humwonesha picha ya jalada kwenye simu, akapelekwa moja kwa moja. Na kwa mtu mzima anayetaka kazi zilizotungwa kwa ajili ya rika lake, jarida lina uzito zaidi ya hapo. Ndilo linaloonesha hadithi inamlenga nani, kitabu kitakuwa na ukubwa gani, na hata kama mwanafunzi wa lugha ya Kijapani ataweza kukisoma.

Manga za watu wazima ziko za namna mbili, na maduka huzitenga kwa makusudi. Kuna zile za wasomaji waliokomaa, zinazohusu jinai, siasa, historia, ndoa, kazi za ofisini, uzee na msiba. Hizo zimejaa kwenye rafu za wazi. Kisha kuna ponografia, ambayo huwekwa nyuma ya pazia au kwenye ghorofa ya peke yake kwa waliotimiza miaka 18. Wageni wengi hudhani safari yao ni ya kwenda nyuma ya pazia tu, na kwa kudhani hivyo wanaipita hazina yote iliyo mbele yake. Nitakaa sana kwenye rafu za wazi, kwa sababu huko ndiko fasihi ilikolala.

Rafu hizo zina historia yake. Baada ya vita vya pili vya dunia, Wajapani wengi hawakuwa na pesa za kununua vitabu, wakawa wanaviazima kwa malipo kidogo kwenye vibanda vya mitaani. Humo ndimo vijana wachoraji walimoanza kusimulia habari nzito, za wauaji na mafukara na watu walioshindwa na maisha. Mwaka 1957 Yoshihiro Tatsumi alizipa kazi hizo jina la gekiga ili zisichanganywe na vichekesho vya watoto. Mwaka 1964 Katsuichi Nagai alianzisha jarida la Garo, lililokuwa maskini wa fedha lakini lenye uhuru wa ajabu, na ndani yake Yoshiharu Tsuge akachora hadithi fupi zinazofuata mantiki ya ndoto. Wachapishaji wakubwa walipoona kuwa watoto waliolelewa na manga wamekua, wameajiriwa na bado wanataka kusoma, wakawafuata: Manga Action ilitoka mwaka 1967, Big Comic ya kampuni ya Shogakukan mwaka 1968, Morning ya Kodansha mwaka 1982, Afternoon mwaka 1986.

Ukiyashika majina hayo manne umeshapata ramani. Golgo 13 ya Takao Saito, hadithi ya muuaji wa kukodiwa, ilianza Big Comic mwaka 1968 na inaendelea hata baada ya mwandishi kufariki mwaka 2021. Juzuu zake zimepita 200. Lone Wolf and Cub ya Kazuo Koike na Goseki Kojima ilianza Manga Action mwaka 1970. Monster ya Naoki Urasawa, kisa cha daktari anayemfuatilia mtu aliyemwokoa kwa upasuaji na ambaye amekuwa muuaji, ilitoka katika Big Comic Original kuanzia 1994 hadi 2001. Vagabond ya Takehiko Inoue ni ya Morning. Kwa msomaji asiyejua aanzie wapi, ningemkabidhi Monster kabla ya nyingine yoyote: imekamilika, ina juzuu 18, na haina ukurasa unaomdharau msomaji.

Wanawake wana majarida yao, na nasikitika kuona waongozaji wa wageni wakiyapita haraka. Kiss ya Kodansha na Feel Young zimebeba hadithi za kazi, upweke, tamaa na urafiki ambazo majarida ya wanaume hayakuzigusa kwa undani huo. Kyoko Okazaki, katika Pink na Helter Skelter, aliuchambua ulimwengu wa urembo na fedha kwa ukali usiopoa hadi leo. Fumi Yoshinaga, katika Ōoku iliyoanza mwaka 2004 kwenye jarida la Melody, aliigeuza historia ya utawala wa Edo: maradhi yanawaua wanaume wengi, wanawake wanashika madaraka, na swali la nani anamiliki mwili wa nani linatembea juzuu zote 19. Uchaguzi wa jarida ulikuwa na uzito kwa wakongwe pia: Osamu Tezuka, anayejulikana kwa Astro Boy, alipotaka kuandika juu ya Unazi hakwenda kwenye jarida la watoto. Hadithi yake ya Adolf ilichapishwa kuanzia 1983 hadi 1985 katika Shukan Bunshun, jarida la habari linalosomwa na watu wa maofisini.

Sasa mahali pa kwenda. Kama una siku moja tu, panda treni ya mstari wa Chuo kutoka Shinjuku hadi Nakano. Ni mwendo wa dakika tano. Mbele ya kituo kuna njia ya maduka iliyofunikwa juu, na mwisho wake ni Nakano Broadway, jengo la mwaka 1966 lenye maduka chini na makazi juu. Hapo ndipo Mandarake ilipoanza mwaka 1980 kama duka dogo la manga zilizotumika. Mwanzilishi wake, Masuzo Furukawa, alikuwa mwenyewe mchoraji aliyechapishwa katika Garo, na ukiingia utaona mkono wa mtu anayezijua kazi hizi kutoka ndani. Mandarake leo si duka moja bali vyumba vingi vilivyotawanyika katika ghorofa za jengo: hiki cha vitabu vya kawaida, kile cha matoleo adimu ya miaka ya sitini, kingine cha michoro halisi ya filamu. Usifike asubuhi, maana vyumba vingi hufunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa mbili usiku.

Jimbocho ni mtaa wa vitabu vilivyotumika katika eneo la Kanda, wenye maduka zaidi ya mia moja, na ndipo pa kutafuta matoleo ya zamani ya Garo na vitabu vya wale wachoraji wa vibanda. Jumapili maduka mengi hufungwa. Karibu na hapo Chuo Kikuu cha Meiji kilifungua mwaka 2009 maktaba ya Yoshihiro Yonezawa, mmoja wa waanzilishi wa Comiket, soko kubwa la machapisho ya wachoraji binafsi ambalo limekuwapo tangu Desemba 1975. Mtaa wa Ikebukuro ni wa wasomaji wa kike na ndiko liliko duka kuu la Animate, kampuni ya maduka ya manga. Akihabara ina kelele nyingi na wageni wengi. Mandarake ina jengo zima la ghorofa nane huko, na mtu mwenye haraka atakipata anachokitaka, lakini si mahali pa kupekua kwa utulivu. Anayefika Kyoto aende kwenye makumbusho ya kimataifa ya manga, yaliyofunguliwa mwaka 2006 katika shule ya msingi ya zamani, ambako juzuu 50,000 zimepangwa ukutani ili mtu achomoe na kusoma atakavyo. Saa mbili za kusoma pale zitakuzuia kununua vitabu usivyovipenda.

Kuhusu bei, elewa kwanza kwamba kitabu kipya huuzwa kwa bei moja nchi nzima. Sheria ya ushindani ya Japani tangu mwaka 1953 inamruhusu mchapishaji kupanga bei ya rejareja, na kila duka huifuata. Kwa hiyo hakuna faida ya kuzunguka ukilinganisha bei za vitabu vipya, wala kuomba kupunguziwa. Nafuu iko kwenye vilivyotumika. Book Off, iliyoanza mwaka 1990, ina matawi kila upande wa nchi na huuza juzuu za kawaida kwa bei ndogo sana; Mandarake huuza pia hadithi nzima, juzuu zote zikiwa zimefungwa pamoja, na mara nyingi seti hiyo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya vitabu vipya.

Kabla ya kulipia kitabu cha thamani, kikague. Kumbuka kwamba kinafunguliwa kutoka kulia, hivyo unachodhani ni jalada la nyuma ndilo la mbele. Ukurasa wa mwisho una tarehe ya uchapaji na namba ya toleo, na hapo ndipo utakapojua kama ni chapa ya kwanza. Angalia kama bado kina ule ukanda wa karatasi unaozungushwa chini ya jalada. Wakusanyaji huuthamini, na kitabu kilichoupoteza hushuka bei. Karatasi ya manga ni ya bei rahisi na hugeuka kahawia kingoni, jambo la kawaida kwa msomaji lakini kasoro kwa mkusanyaji. Kitabu kikiwa kimefungwa kwa plastiki, usiichane. Mwombe muuzaji akuoneshe ndani.

Mgeni wa muda mfupi mwenye pasipoti husamehewa kodi ya mauzo ya asilimia 10 akinunua bidhaa za yen 5,000 au zaidi katika duka lililosajiliwa kwa huduma hiyo, kwa siku moja. Utaratibu unabadilika: kuanzia Novemba 1, 2026 mnunuzi hulipa bei kamili dukani, kisha hurudishiwa kodi baada ya forodha kuthibitisha kwamba mzigo unatoka nchini. Anayesafiri baada ya tarehe hiyo asivifungie vitabu kwenye begi la kukabidhi uwanjani kabla ya forodha kuthibitisha.

Lugha ni kizuizi cha kweli. Manga za watoto na vijana huwa na silabi ndogo pembeni ya kila herufi ya kanji, zinazomsaidia msomaji kutamka. Majarida mengi ya watu wazima hayaziweki, au huziweka kwenye maneno magumu tu, kwa hiyo aliyesoma Kijapani mwaka mmoja ataanguka kwenye ukurasa wa pili. Kwa tafsiri za Kiingereza, nenda duka la Kinokuniya la vitabu vya kigeni karibu na kituo cha Shinjuku. Kampuni hiyohiyo ina duka kubwa Dubai Mall tangu mwaka 2008, na Mwafrika Mashariki anayeunganisha ndege pale akiwa na saa za kutosha na ruhusa ya kuingia mjini anaweza kuzipata tafsiri nyingi bila kufika Japani.

Vitabu ni vizito. Jumla ya juzuu 37 za Vagabond zitakula sehemu kubwa ya kilo 23 za mzigo wako. Hadithi nyingi za zamani hupatikana katika umbo dogo liitwalo bunko, lenye upana wa sentimita 10.5 na urefu wa 14.8, ambapo hadithi hubanwa katika juzuu chache. Michoro hupungua ukubwa, na kwa mchoraji kama Inoue hilo ni hasara ya kweli. Kwa Tezuka nimeona linavumilika.

Anime, yaani filamu za michoro za Kijapani, ina mtego wake. Filamu za watu wazima zinazostahili kumilikiwa ni nyingi: Akira ya mwaka 1988, Ghost in the Shell ya 1995, Perfect Blue ya Satoshi Kon ya 1997. Lakini DVD ya Japani ni ya kanda namba 2 wakati Afrika Mashariki ni kanda namba 5, na Blu-ray ya Japani ni ya kanda A wakati sisi tuko B. Mashine yako ya nyumbani huenda ikaikataa diski uliyoilipia fedha nyingi, na hata ikiikubali, matoleo mengi ya Japani hayana maandishi ya Kiingereza. Ningenunua michoro halisi ya plastiki iliyotumika kutengeneza filamu kabla ya kompyuta kuchukua nafasi. Mandarake huiuza, na ile ya matukio yasiyo maarufu haimfilisi mtu.

Nimebakiza pazia. Tangu mwaka 1991 wachapishaji wa manga za ngono huweka alama ya watu wazima kwenye jalada, baada ya wazazi na wanasiasa kulalamika kwamba vitabu hivyo viliuzwa popote. Kampuni kubwa za maduka ya mtaani yanayofunguliwa usiku kucha, kama 7-Eleven, Lawson na FamilyMart, ziliacha kuuza majarida ya ngono mwaka 2019. Hata nyuma ya pazia michoro huwa imefunikwa sehemu za siri, kwa kuwa kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Japani bado kinakataza kusambaza kazi zenye uchafu wa kingono. Mchapishaji mmoja alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa kufunika kidogo mno, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hatia hiyo mwaka 2007. Muuzaji anaweza kukuomba kitambulisho. Usipige picha.

Sehemu ya soko hilo huchora wahusika wenye sura za watoto katika matendo ya ngono. Usiziguse kazi hizo. Naziona ovu, na katika nchi kadhaa kuzimiliki ni kosa hata kama ni mchoro tu: Uingereza ilipitisha sheria hiyo mwaka 2009, na Kanada huhesabu michoro pamoja na picha. Nchini Uswidi mtaalamu wa manga alipambana na kesi hadi Mahakama ya Juu, iliyomwachia huru mwaka 2012 baada ya mahakama za chini kumhukumu. Msomaji anayeishi Ulaya au Amerika asiipime hatari hiyo kwa kigezo cha Tokyo.

Nyumbani pia kuna sheria. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaitaja ponografia ya kila aina, vikiwemo vitabu na michoro, miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Haijali kama ulikinunua kitabu kihalali wala kama ni cha kusoma peke yako. Kilichotoka nyuma ya pazia kibaki Japani. Kwa vitabu vya rafu za wazi, ambavyo baadhi vina kurasa za utupu au damu nyingi, hifadhi risiti inayoonesha jina la kitabu, weka juzuu za hadithi moja pamoja, na ofisa wa forodha wa Nairobi au Dar es Salaam akikuuliza, mfungulie begi umwoneshe.